Twende wapi Jumamosi? Majibu kwa wanaotaka kupumzika mbali na Nairobi

Shule zikikaribia kufungwa, maswali mnayonitumia huwa yaleyale kwa sura tofauti: ni wapi karibu, pana hewa, na nitarudi kazini Jumatatu? Wiki hii nimechagua saba.

Tuna watoto wawili, wa miaka 7 na 10. Hatuna gari, pesa si nyingi, na tuna Jumamosi moja tu. – Baba, Umoja

Baba, wapeleke Machakos wakaone maji yanayopanda mlima. Ni kilomita sitini na kidogo. Matatu moja inawafikisha mjini, kisha bodaboda mbili hadi Kyamwilu, nje kidogo ya mji. Utakachokuta ni kipande cha lami tu, wala hakijapambwa, na mtu asiyejua anaweza kukipita akiwa amelala.

Siku niliyoenda, mvulana mmoja alitumwagia maji ya chupa ya soda barabarani. Yalisita kidogo, yakakusanya vumbi mbele kama ulimi, halafu yakaanza kutambaa kuelekea upande ambao macho yangu yaliapa ni juu. Mama mmoja aliyekuwa nasi alivua kiatu akakanyaga pale ili ahakikishe, sijui mguu ulikuwa umwambie nini. Siri yenyewe ni macho: vilima vya pande zote vimelala kwa namna ya kuficha usawa halisi wa ardhi, basi mteremko unaonekana kuwa mwinuko. Usiwaambie watoto mapema, waache wabishane kwanza. Simameni kando, hiyo ni barabara ya magari. Na huyo kijana wa chupa mpe chochote, ametembea na hayo maji.

Mkirudi mjini, kuleni muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Wakati mnakula, waambie kwamba Machakos ilikuwa na ofisi za Waingereza miaka kumi kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899. Reli ilipita kando, na kinamasi chetu ndicho kikawa jiji. Wenyeji watakukumbusha hilo hata usipouliza.

Ondokeni kabla ya saa moja asubuhi. Jioni, msingoje giza, kwa maana foleni ya magari pale mji wa Mlolongo haina huruma kwa watoto waliosinzia.

Binti zangu wanataka kuogelea Fourteen Falls. Ni salama? – Mama, Kasarani

Kutazama sawa, dada. Kuogelea, hapana. Maporomoko yale ni ya mto Athi, na kabla ya kufika pale Athi umeshapokea mto Nairobi pamoja na kila kitu tulichoutupia kuanzia mjini hadi Dandora na kwingineko. Utaona povu jeupe limesimama kwenye miamba kama sabuni ya kufulia, na kuna siku harufu inakupokea kabla ya maji. Wapo vijana wanaojirusha kutoka juu kwa malipo. Hao wanajua mawe yako wapi, binti zako hawajui.

Safari haitakuwa ya bure, lakini. Karibu na hapo ndipo ulipo mlima Ol Donyo Sabuk, ambao wengi wanauita Kilimambogo, na jina hilo si mapambo: nyati wapo kweli, kwa hiyo usipande kwa miguu bila askari wa hifadhi. Njiani kuna kaburi la McMillan, mlowezi tajiri, yule ambaye mjane wake alijenga maktaba yenye simba wa mawe pale mjini. Wanasema alitaka azikwe kileleni, ila jeneza lilikuwa zito mno, wakaishia njiani. Malipo ya kuingia ni kwa eCitizen, tovuti ya serikali, kwa hiyo maliza hiyo kazi ukiwa bado na mtandao.

Vitz yangu, gari dogo tu, itafika Magadi? – Kijana, Lang'ata

Itafika mjini Magadi, lami ipo. Chemchemi za maji moto ziko mbele zaidi, na njia yake ni ya gari lililoinuka na mwenyeji anayejua pa kukanyaga. Gari kuzama kwenye tope la chumvi si jambo la kucheka, ingawa wenyeji watacheka.

Jaza mafuta Kiserian na ununue maji mara mbili ya unavyodhani yatatosha. Baada ya Corner Baridi unafunga sweta lako kiunoni, na ukishuka zaidi unatamani kuvua hata ngozi. Ziwa lenyewe linang'aa kwa rangi ya waridi na nyeupe, na ukoko wake ndio magadi yaleyale ambayo mama yako anatia kwenye maharagwe yalainike. Wengi wetu tumekula ziwa hili bila kuliona.

Usipite Olorgesailie bila kusimama. Ni pa Makumbusho ya Taifa, karibu nusu ya safari. Unatembea juu ya ubao, na chini yako yametapakaa mashoka ya mawe, mamia, palepale yalipoachwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba hapo miaka ya 1940. Kilichonishika mimi ni wingi. Shoka moja ningelipita tu. Haya yamelala kama vyombo ambavyo mtu ameviacha nje akiamini atarudi kuviosha.

Mimi na mume wangu tunafikiria Kinangop mwezi wa Julai. – Kilimani

Nzuri sana, lakini mnajua Julai ni nini huko? Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na asubuhi nyasi huweza kuamka nyeupe kwa barafu.

Mimi niliwahi kukodi nyumba huko kwa sababu ya picha ya moto unaowaka sebuleni. Tulipofika, moto ulikuwa picha tu. Kuni ziliuzwa kando, kwa bei ya hoteli, na zilikuwa mbichi: zililia fiii hadi saa sita usiku, zikatoa moshi, tukalala na makoti. Kwa hiyo uliza kama kuni zimo ndani ya bei na kama zimekauka, tena uliza kwa simu, usikie sauti ya anayejibu. Asubuhi lakini, viazi na kabichi hadi macho yachoke, na maziwa ambayo hayajaona pakiti. Anayependa ndege amtafute yule mdogo wa kifua cha manjano anayekaa kwenye nyasi fupi, hapatikani nje ya Kenya.

Mama mkwe anatoka Kakamega, magoti yanamsumbua, na hapendi wanyama. – Mkaza mwana, Donholm

Ndakaini, Murang'a. Gari linafika karibu, chai imefunika vilima, na bwawa limetulia. Lilikamilika 1994, na ndilo linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Mtandikie leso akae, umwambie: mama, haya ndiyo anayooga mwanao. Akikuuliza mbona basi bomba lenu hukauka kila Alhamisi, hapo mimi simo.

Naweza kuwapiga picha wafugaji kule Ngong na Kajiado? – Mpenda kamera, South B

Omba kwanza. Akikataa, weka simu mfukoni. Wewe ungependa mgeni akupige picha ukianua nguo mtaani Pipeline?

Tulienda kutembea upande wa Joska, nikarudi na hamu ya kununua ploti. Nifanye haraka? – Buruburu

Ndugu yangu, uliiona Agosti. Udongo mweusi ukiwa mkavu ni mpole, unapasuka tu nyufa ndogo za kuvutia. Rudi Aprili katikati ya masika, bila kumwambia anayekuuzia, na uvae gambuti. Ukitoka steji ukafika kwenye kigingi cha ploti yako na gambuti zote mbili bado ziko miguuni, basi nenda ukafanye upekuzi wa hati, tuzungumze tena Mei.