Mbwa wa Bukavu halishwi kama mbwa wa intaneti

Komando, mbwa wetu, aliingia nyumbani kwetu hapa Bukavu, Congo, akiwa na wiki nane, mweusi tii, tumbo duara, miguu ya mbele minene kama ya mtoto wa simba. Mwezi na nusu baadaye miguu ile ile ilikuwa imepinda kwa nje, na kila akitaka kusimama alilia. Mama mkwe alishuku jirani. Kosa lilikuwa langu mimi na simu yangu.

Nilikuwa nakesha nikisoma habari za watu wa Ulaya na Marekani wanaowapa mbwa wao nyama mbichi. Mtindo huo uliwika sana miaka ya 1990 kupitia daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, na hoja yenyewe inamezeka bila kutafuna: mbwa ni ukoo mmoja na mbwa mwitu, na mbwa mwitu hana jiko. Nikaamini. Nikawa napanda soko la Kadutu kumnunulia nyama laini, isiyo na mfupa hata mmoja, maana niliogopa asije akakabwa. Sikuwa nimesoma vizuri. Hata hao wanaolisha mbichi, hesabu yao yote imesimama juu ya mfupa.

Munganga wa mifugo alimlaza mezani, akambonyeza kifundo cha mguu, Komando akapiga yowe.

“Mama, huyu anakula nini?”

“Nyama tupu, docta,” nikajibu, tena kwa kujisikia.

Akatikisa kichwa. Nyama ina fosforasi mara 15 hadi 20 ya kalsiamu iliyomo. Damu lazima ipate kalsiamu yake, na isipoikuta kwenye sahani inaichota kwenye mifupa. Mbwa mzima anaweza kuchotwa muda mrefu bila mtu kugundua. Mtoto anayerefuka kila siku hana akiba, mifupa inalainika na kupinda, wakati mwingine inavunjika kwa kuruka kizingiti tu.

Tulimfungia kwenye kona ya baraza, marufuku kukimbia, na chakula kikabadilishwa. Baada ya wiki kadhaa alisimama kimya. Mguu wa kushoto haukunyooka kabisa. Wageni hudhani aligongwa na pikipiki, na mimi siwasahihishi.

Sasa, mbwa wa marehemu baba alikula ukoko wa bugali na vichwa vya samaki akazeeka vizuri. Nalijua hilo, nimeambiwa mara nyingi. Lakini mbwa yule alikuwa anazurura mchana kutwa, akijitafutia panya, mifupa na mengine nisiyotaka kuyataja. Komando yuko ndani ya ukuta, hapati ila ninachomwekea. Unga wa muhogo hauna hata gramu 3 za protini katika gramu 100, kwa hiyo bugali na mchuzi peke yake ni kumjaza tumbo tu. Na krokete, chakula kikavu cha mbwa cha dukani kinachovuka mpaka wa Ruzizi kutoka Rwanda, bei yake inanishinda.

Kwa hiyo napika. Mbichi nimeacha, na sababu si mguu wa Komando peke yake. Wenzetu huko wanaigandisha nyama siku nyingi kabla ya kuitumia. Kwangu umeme unakuja usiku wa manane na kuondoka kabla hujaamka, frigo imegeuka kabati la sahani. Nyama ya sokoni imening'inia tangu alfajiri, nzi wameshaitembelea. Halafu kuna jambo la mapafu na maini. Ukipasua ukakuta kifuko kama puto dogo la maji, huyo ni mnyoo wa ekinokokasi akiwa bado mchanga. Mbwa akikila kibichi, minyoo inakomaa utumboni mwake, mayai yanatoka na mavi na kushika manyoya, na mtoto anayemkumbatia mbwa huyo anayameza. Kwa binadamu uvimbe wa maji unakua kwenye ini au mapafu miaka na miaka kabla ya kujionyesha. Puto hilo lichome moto. Usilitupe nje ya uzio, kwa sababu mbwa wa mtaa wanasubiri huko huko.

Jumatano na Jumamosi nanunua kilo mbili za nyama ya kichwa cha ng'ombe, moyo na mapafu, chochote ambacho wateja wa mishikaki hawakigombanii. Nachemsha kwenye mbabula, jiko la makaa, mpaka katikati pasibaki wekundu. Ini linaingia kidogo tu, sehemu moja kwa ishirini ya nyama yote, kwa sababu vitamini A ikizidi nayo inaharibu mifupa. Karibu na mwisho natia lengalenga (mchicha) iliyokatwa na kijiko cha mawese, kisha wali au bugali, isizidi theluthi ya sufuria. Chumvi hapana. Kitunguu na kitunguu saumu hapana kabisa, vinapasua chembe nyekundu za damu za mbwa na za paka, kwa hiyo hata mchuzi uliobaki mezani haumfai.

Mfupa uliopikwa simpi, unapasuka vipande vyenye ncha kama sindano. Kalsiamu naitoa kwenye maganda ya mayai. Mama wa chapati barabarani ananiwekea ya wiki nzima, nayaosha, nayachemsha, nayakausha juu ya makaa yanayozimika, halafu natwanga kwenye kinu. Twanga mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie mchanga. Kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo ya nyama. Hicho ndicho kijiko Komando alichokikosa. Hata hivyo mtoto wa mbwa usimpikie kwa kubahatisha, mpeleke kwa munganga kwanza akupe vipimo vya umri wake.

Paka ni habari nyingine. Bijou, paka wetu, hawezi kula sufuria ya Komando akawa salama. Mawese yana vitamini A kwa mtu na kwa mbwa, lakini mwili wa paka haujui kuigeuza ile rangi nyekundu, kwake ni mafuta tu, hivyo lazima apate ini kidogo. Pia anahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho kimo kwenye nyama na samaki, hasa moyo, na hakimo kwenye bugali. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha kwamba paka wenye moyo uliovimba walikuwa na upungufu wa taurini, na walipoongezewa wakapata nafuu. Paka hao walikuwa wakila chakula cha kiwandani! Taurini huyeyukia kwenye maji ya kupikia, kwa hiyo usimwage mchuzi, mpe.

Na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu? Bijou anazijua kuliko mimi. Mama akipita na beseni kutoka ziwani, anamsindikiza hadi barabara kuu. Baadhi ya samaki wa ukoo huo wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayelishwa hivyo kila siku anaanza kuyumba, kichwa kinainama kifuani, mwisho anapata degedege. Moto unakiua. Nazichemsha dakika chache, kichwa na mifupa yake midogo vyote anakula. Ndagala (dagaa wakavu) zenye chumvi kali naloweka kwanza na kumwaga maji yale, na simpi kila siku.

Mwezi uliopita mama mkwe alifungua gunia la unga wa mahindi lililolowa mvua. Umeshikana mabonge, una madoa ya kijani, unanuka kama godoro la zamani. “Mama Komando, huu umeshaharibika, mpe mbwa.” Nikamweleza kwamba kuvu hiyo inaweza kuacha sumu inayoua ini, kwamba kuupika hakuiondoi, na kwamba mbwa huanza kukataa chakula na kutapika, ufizi ukawa wa manjano, mara nyingi ukiwa umeshachelewa. Akauliza kama kuku je. Nikasema hata kuku. Nikaumwaga wote chooni, nusu gunia, yeye akiwa amesimama mlangoni. Hakunisemesha hadi Jumapili.