Barua kwa mwanangu: ami yake Sultani aliyeitwa Mukasa

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajambo, mguu umepungua uvimbe, na ndiye aliyenikalisha mezani niandike maana ujumbe wako umekaa sana bila majibu. Uliniambia darasani mlionyeshwa ile picha ya 1910: vijana wa Kiingereza wamejipaka rangi nyeusi, wamebandika ndevu na kuvaa vilemba, wakajifanya wakuu kutoka Uhabeshi, yaani Ethiopia, na mmoja wao ni Virginia Woolf, yule mwandishi, kabla hajaolewa. Wenzako walivunjika mbavu, wewe ukanuna. Ukauliza: "Baba, au mimi ndiye nisiyejua utani?"

Utani unaujua. Mtoto wa Mnyamwezi aliyekulia katikati ya Wazaramo ataukwepa wapi? Ila sitakuficha, mimi niliposoma habari za watu wale nilicheka. Si kote, lakini nilicheka.

Sidhani kama mliambiwa kwamba 1910 haikuwa mara yao ya kwanza, na mara ya kwanza walitutumia sisi. Machi 1905, Horace de Vere Cole na Adrian Stephen, mdogo wake Virginia, walikuwa wanafunzi Cambridge. Meya wa mji akapelekewa telegramu: ajiandae, anapata mgeni mkubwa kutoka Zanzibar. Nia yao ilikuwa wajifanye Sultani mwenyewe, lakini picha yake ilikuwa imetoka magazetini siku za karibuni, wakaona watakamatwa. Basi wakaamua awe ami yake. Na jina la huyo ami? Mwanamfalme Mukasa Ali. Mukasa! Jina la Kiganda la ziwani huko, kabandikwa mtu wa ukoo wa Busaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar! Hapo nilicheka mpaka mama yako akatoka jikoni kuja kuuliza kulikoni. Cambridge nzima, mji wa maprofesa, hakuna aliyekunja uso. Meya akawapokea kwa heshima zote na wakatembezwa mjini kama wageni wa taifa. Na Sultani wa kweli, Ali bin Hamud, alikuwa amesoma Harrow, shule ya Uingereza hiyo hiyo. Kama ami yake angefika kweli, angalau mtu angeuliza hali ya mpwa wake aliyesoma hapo jirani.

Nilipoacha kucheka ni kwa yule bibi. Katika umati alikuwepo bibi mmoja mmisionari aliyejua lugha, akaomba azungumze na mgeni. Fikiria: mtu mmoja tu pale ndiye aliyetujua kidogo, na angefungua kinywa mchezo ungekwisha. Mkalimani akamjibu kwamba hawezi kusema na mwanamfalme mpaka akubali kuwa mmoja wa wake zake. Bibi akanywea. Angalia walichomzibia mdomo: si hila yao wenyewe, ni kile ambacho kila mtu pale alikwisha kukiamini kuhusu sisi.

Sasa ile ya Februari 1910. Telegramu tena, safari hii kwa jeshi la majini, na kundi la watu sita likapanda treni kwenda Weymouth kutembezwa ndani ya Dreadnought, manowari iliyokuwa fahari ya Uingereza. Cole alikuwa amepata kitabu cha sarufi ya Kiswahili, Adrian akakipitia njiani ili awe mkalimani. Kiswahili, kwa Wahabeshi! Maneno aliyokuja kuyakumbuka baadaye ni "entaqui, mahai, kustufani". Nimeyageuza mbele na nyuma, Kiswahili sijakiona. Yalipomwishia akaanza kukariri mashairi ya Kilatini kwa matamshi ya kuvuruga, na maofisa wakatikisa vichwa kwa adabu. Mvua ikanyesha, masharubu ya Duncan Grant, mmoja wa wale sita, yakaanza kubanduka. Chakula wakakikataa kwa kuogopa rangi na ndevu za bandia zisiharibike. Na ofisa mmoja mkubwa wa melini, William Fisher, alikuwa binamu yao akina Stephen, damu yao kabisa, asiwatambue! Hapo nitacheka hata kesho. Jeshi lenye mizinga ya namna ile linapiga saluti kwa gundi na rangi.

Bendera ya Uhabeshi haikupatikana, basi wakapandisha ya Zanzibar, ile nyekundu, na bendi ikapiga wimbo wa Zanzibar. Kwao ilikuwa yote mamoja.

Sasa kumbuka mazishi ya babu yako. Ulikuwa mdogo, lakini najua hujasahau yule mtani wetu wa Kizaramo aliyeshuka kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe chake. Alipotoka akachukua mkongojo wa marehemu akatembea kama yeye, lile bega la kushoto likiwa chini, akawadai watu madeni kwa sauti yake ile ile ya puani. Shangazi yako alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. Yule bwana aliweza kwa sababu alimjua mzee miaka yote, bega na madeni yake. Na alipofiwa yeye, tulikwenda na sisi, nikamkalia kwenye jeneza mpaka akatoa hela.

Ya Cambridge yaliwezekana kwa kuwa hakuna aliyetujua wala aliyetaka kujua. Ndicho kilichokununisha, nadhani, hata kama hukupata namna ya kukisema. Hasira ya jeshi la majini naielewa zaidi, na walilipiza: maofisa walimfuata Duncan Grant nyumbani, wakamchukua akiwa na sapatu miguuni, wakampeleka uwanjani wakamchapa viboko viwili vya kuzugia, wakataka kumrudisha kwa gari. Akakataa, akarudi na treni. Hapo naona watani kabisa, nipe nikupe. Lakini wa Uhabeshi na wa Zanzibar hawakupewa zamu yao.

Kwa hiyo wenzako wakicheka tena usinune. Waulize bendera iliyopandishwa siku ile ilikuwa ya nani, kisha wewe ndiye ucheke.

Hela ya chumba nitatuma Ijumaa. Mama yako anasema upunguze soda.

Baba yako