Kantangaze alivyonirudisha kwenye blogu za wenzangu

Mwaka 2014 niliandika kwenye blogu yangu ya bustani makala niliyojivunia mno. Nyanya za watu zilikuwa zinakauka majani na matunda yanatobolewa, nami bila kusita nikatangaza kuwa ni bakajani, ugonjwa wa ukungu, nikataja na dawa za ukungu za kupiga. Siku mbili baadaye msomaji mmoja akaniachia maoni mafupi: "Mwalimu, huyo ni mdudu. Ungepita kwa mwenzako wa Arusha ungeshamjua."

Nikaenda. Kweli, wiki tatu kabla yangu huyo mwenzangu alikuwa ameshaweka picha za kiwavi mdogo anayejichimbia ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, kisha anahamia kwenye tunda. Wakulima walikuwa wameshampa jina, kantangaze, na wengine husema maana yake ni "nenda ukanitangaze", kwa jinsi anavyomaliza shamba. Wataalamu humwita Tuta absoluta. Kwao ni Amerika Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akavuka hadi Afrika Kaskazini, akateremka taratibu mpaka kwetu. Dawa ya ukungu haimfanyi kitu, na kuna watu walioinunua kwa sababu yangu.

Kinachouma ni kwamba blogu ile niliijua. Nilikuwa nimeacha kuifungua tangu Julai 2013, Google walipoifunga huduma yao ya Google Reader, iliyokuwa ikinikusanyia blogu zote mahali pamoja. Sikutafuta njia nyingine. Nikajiambia kwamba bila kusoma wengine nitapata muda zaidi wa kuandika, na ni kweli niliupata. Niliandika sana mwaka ule, na niliandika makosa mengi.

Kwa hiyo wewe unayeanza blogu, nikikuambia utenge siku ya kusoma, usidhani nakufundisha adabu. Ni kazi, sawa na kumwagilia.

Tuanze na ratiba, maana ndiyo inayoua blogu nyingi changa. Mimi nilianza kwa kuahidi makala kila siku. Nilifika siku ya kumi na tisa. Ahidi moja kwa wiki, siku ile ile, na kabla hujaahidi uwe na tatu ghalani zilizokwisha kuandikwa. Hizo tatu ni za masika, umeme ukikatika, au ukiwa na msiba, au ukiwa tu huna hamu. Ukitoa moja ghalani, rudisha moja. Nyingi za kwangu nimeziandika kwa simu ndani ya daladala, mistari minne minne, nikaja kuzinyoosha nyumbani.

Jumatano jioni siandiki. Nasoma. Siku hizi natumia Feedly. Ukiandikisha anwani za blogu unazozipenda, makala mpya zinakuja zenyewe. Usifuate hamsini. Mimi nina kumi na mbili, na nimezichagua kwa makusudi zisifanane na yangu: yupo Mkenya anayeandika juu ya sukuma wiki na bei za soko, yupo bwana shamba mstaafu anayeandika mara moja kwa mwezi lakini kila neno lake nalinakili, yupo dada wa Dar es Salaam anayepanda mchicha kwenye ndoo barazani. Huyo wa ndoo ndiye aliyenifundisha mengi kuhusu maji, kwa sababu yeye huyanunua.

Kuhusu kuacha maoni. "Asante kwa somo zuri, karibu na kwangu" si maoni, ni mchuuzi anabisha hodi. Mwenye nyumba anajua. Andika ulichokiona wewe: kwamba kitalu chake cha vitunguu kingechelewa kidogo kwenye baridi ya Mgeta, au uliza kwa nini amepanda Machi badala ya Aprili. Swali la kweli linamheshimisha mwandishi kuliko sifa. Na usibandike kiungo cha blogu yako chini. Jina lako likibonyezwa litawafikisha kwako wanaotaka.

Wakongwe wa blogu za Kiswahili walilijua hili. Ndesanjo Macha alipoanza blogu yake ya Jikomboe mwaka 2004, enzi ambazo wengine walikuwa wakiiita blogu "gazeti tando", waandishi walikuwa wachache na walisomana wao kwa wao. Mmoja anaandika, wa pili anapinga kwake, wa tatu anawasuluhisha. Malumbano ya washairi magazetini, ila bila kungoja toleo la wiki ijayo.

Kwako nako, jibu. Siku mbili zisipite. Nami kila nikipata swali lile lile mara ya tano, najua hiyo ni makala, nimeshaletewa kichwa cha habari bure. Wenye matusi wasikutie homa. Weka maoni yasubiri kibali chako kabla hayajaonekana, basi.

Lakini kuna shimo upande wa pili pia, nami nimelitumbukia. Baada ya aibu ya kantangaze nilijirekebisha kwa pupa, nikawa kila jioni niko kwenye blogu za watu, nabishana, najibu, najibiwa. Mwezi mzima ghala langu likabaki tupu na sikuona, kwa kuwa nilijisikia nimefanya kazi. Ndipo nikaweka Jumatano. Saa mbili tu za kusoma, bando likiisha limeisha.

Jambo la sheria nitaligusa tu. Kama uko Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilitaka wenye blogu wawe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, na gharama zake zilizidi shilingi milioni 2. Wengi walifunga mwaka ule. Kanuni zimebadilishwa baada ya hapo, kwa hiyo usimsikilize rafiki wala mimi. Isome iliyopo sasa kabla hujafungua.

Ile makala ya bakajani sikuifuta. Nilikata mstari juu ya maneno yale, nikaweka juu kabisa maelezo ya kosa langu na kiungo cha kwenda kwa mwenzangu wa Arusha. Mpaka leo ndiyo inayosomwa kuliko zote nilizoandika. Yeye hunitania kwamba tangu siku ile namletea wageni wengi, na kwamba wanafika wakiwa wameshakasirika.