Usipeleke kigunduzi mita 1 kwa sampuli ya nyuzi za kaboni

Usikisogeze kigunduzi, yaani kifaa kinachopokea picha ya eksirei, hadi mita 1 nyuma ya sampuli. Umeandika kwamba unatafuta nyufa changa za maikromita 2 kati ya nyuzi za kaboni na epoksi (gundi inayozishikanisha), kwa eksirei zenye nishati ya keV 20 (kiloelektronivolti), kisha ukauliza upige picha ngapi sampuli inapozungushwa mzunguko mmoja, sampuli ishikiliwe vipi, na kama umbali mkubwa utazidisha mwonekano. Hilo la mwisho ndilo lililoniharibia kazi ya msimu mzima.

Ni kweli kwamba kaboni na epoksi hufyonza eksirei kidogo mno, tena karibu sawasawa, na kwamba kwa elementi nyepesi athari ya fezi (yaani mawimbi ya eksirei kusogezwa hatua kidogo yanapopita kwenye kitu) huweza kuuzidi ufyonzaji zaidi ya mara elfu. Mwaka 1995 mwanafizikia Snigirev na wenzake walionyesha huko Grenoble, Ufaransa, kwamba nafasi tupu kati ya sampuli na kigunduzi inatosha kuigeuza athari hiyo kuwa mistari myeupe na myeusi kwenye kingo. Lakini mistari hiyo hutanuka kadiri unavyorudi nyuma, na upana wake hukaribia kipeuo cha pili cha urefu wa wimbi mara umbali. Kwa keV 20 wimbi lina nanomita 0.062, kwenye mita 1 mstari unafika maikromita 8, ilhali uzi wenyewe una kipenyo cha maikromita 7 hivi! Mistari ya uzi mmoja inampanda jirani yake, na ufa uliokuwa katikati humezwa.

Aliyeniambia nirudi nyuma kadiri reli inavyoruhusu hakuniuliza hata mara moja nyuzi zangu zina unene gani, na hadi leo jambo hilo linanikera. Ndiye pia aliyenipa kichujio cha Paganin cha mwaka 2002 (hesabu inayogeuza mistari hiyo kuwa picha ya unene wa sampuli) pamoja na uwiano wa delta kwa beta, yaani wa athari ya fezi kwa ufyonzaji, alionakili kutoka jaribio la watu wengine, akisema niupandishe mpaka picha itulie. Ikatulia kweli. Kwenye kipande kimoja cha picha, kabla ya kuchuja, pembeni mwa uzi palikuwa na mstari mweusi mwembamba uliobanwa na weupe pande zote mbili. Baada ya kuchuja palibaki kijivu kitupu, nasi tukahesabu mahali pale kuwa pazima. Kichujio hicho hudhani sampuli ni ya kitu kimoja na kigunduzi kiko karibu, na uwiano ukizidi hufuta vitu vidogo kwanza, yaani nyufa zenyewe.

Umbali uutoe kwenye ufa: mraba wa upana wake ugawanywe kwa urefu wa wimbi. Kwa maikromita 2 unapata sentimita 6.5 hivi, nawe ubaki chini sana ya hapo, hata kama picha ghafi itaonekana hafifu. Uwiano ukokotoe kwa kemia na msongamano wa epoksi yako, na picha ambazo hazijachujwa usizifute kamwe, kwa sababu muda uliopangiwa kutumia mwale wa eksirei ukiisha hakuna atakayekurudishia.