Siku ya Makumbusho Tuiadhimishe Huku Kusini, na Iwe Kila Mwaka

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwalimu mwenzangu wa Masasi, aliyepata habari za maonesho tuliyoyafanya shuleni kwetu hapa Lindi tarehe 18 Mei. Aliuliza jambo moja tu: mahali pasipo na jengo la makumbusho, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho inaadhimishwaje? Nimeona nimjibu hapa hadharani, kwa kuwa najua wako walimu, wazazi na vijana wengi wenye hamu hiyo hiyo ambao wamekuwa wakisubiri ruhusa ya mtu fulani ili waanze.

Siku hii ilianzishwa mwaka 1977 na Baraza la Kimataifa la Makumbusho, chombo kilichoundwa mwaka 1946, mara tu baada ya vita kuu ya pili, wakati nchi nyingi zilipokuwa zikihesabu kilichosalia cha urithi wao. Tangu hapo huadhimishwa kila mwaka tarehe 18 Mei au siku zinazoikaribia, na makumbusho mengi duniani hufungua milango bila kiingilio. Kwetu Tanzania tunayo Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho, Makumbusho ya Majimaji kule Songea, na mengineyo. Mtoto wa Lindi anayetaka kuiona mojawapo hana budi kusafiri mbali, na nauli hiyo wazazi wengi hawana.

Hata hivyo, sisi wa kusini ndio tulioyajaza makumbusho ya watu. Nilipoanza kufundisha historia hapa, niliwakuta wanafunzi wanaozijua piramidi za Misri kwa majina, lakini Tendaguru hawajapata kuisikia, nayo imo katika mkoa wao. Mwaka 1906 mhandisi mmoja Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliiona kilimani pale mifupa mikubwa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, iliyochomoza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani wakachimba. Waliochimba hasa, kwa majembe na mikono yao, walikuwa mamia ya vibarua Waafrika, chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani, mtu ambaye jina lake lingestahili kuwa la barabara katika mji huu. Mifupa ikafungwa, ikapakiwa, ikabebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, kisha ikasafirishwa kwa meli. Zaidi ya tani 200 ziliondoka. Mwaka 1937 mjusi mkubwa kuliko wote akasimamishwa mjini Berlin, na yupo pale hadi leo, urefu wake kwenda juu ukiwa mita 13.27.

Namba hiyo ya mita 13.27 haikuwaingia wanafunzi wangu mpaka tulipochukua kamba ya katani, tukaipima kwa futi kamba ya fundi seremala wa jirani, tukaifunga kitambaa chekundu mwishoni, na kijana mmoja mwepesi akapanda nayo juu ya mwembe wa shule. Mwembe ulikwisha kabla ya kamba. Watoto walikaa kimya, halafu mmoja akauliza kwa hasira ya kweli: "Mwalimu, na waliombeba majina yao yako wapi?" Siku ile ndipo nilipoamua kwamba shule yetu itaadhimisha tarehe 18 Mei, liwe jua iwe mvua.

Nilikwenda katika ofisi moja kuomba turubai na meza. Ofisa aliyenipokea alisoma barua yangu hadi mwisho, akaikunja, akanirudishia na kuniambia kwamba watoto wana mitihani, na mimi nataka kuwapotezea muda kwa vyungu vya bibi zao. Alisema hivyo mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu. Sitaki kuficha kwamba maneno yale yananiuma mpaka leo, na kila tunapofanikiwa huwa nayakumbuka. Vyungu vya bibi zetu ndivyo vinavyoeleza tulikula nini, tulifanya biashara na nani, na udongo mzuri ulichimbwa bonde lipi. Wataalamu waliochimba Kilwa Kisiwani walizijua biashara za mji ule, kutoka Uajemi hadi China, kwa kuvisoma vigae vilivyovunjika. Asiyeheshimu kigae asijigambe kwamba anaiheshimu historia.

Turubai tuliazima msikitini, meza zikatoka madarasani. Vitu tukaviomba majumbani, na hapo ndipo pana kazi yenyewe, mwalimu wangu wa Masasi. Usimtume mtoto peke yake aende kuomba kitu cha ukoo, nenda mwenyewe. Kaa barazani, toa shikamoo, ulizia afya na mashamba, kunywa chai ukikaribishwa, na shida yako iseme mwisho. Bibi mmoja wa Kimakonde, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma zamani, alinisikiliza kwa muda mrefu bila kujibu, kisha akaingia ndani akatoka na pindo la kanga lililofungwa fundo. Ndani mlikuwa na ndonya ya mama yake. Ni kijiti cha mviringo cha mti mweusi, kipana kidogo kuliko sarafu, ukingo wake umelika na kung'aa kwa miaka mingi ya kuvaliwa kwenye mdomo wa juu, na upande mmoja una ufa mwembamba ambao mtu alikuwa ameuziba kwa nta. Alisema watoto wake walitaka kumuuzia mgeni mmoja, akakataa, lakini hajui atakapokufa itakuwaje. Tuliandika katika kadi jina la mama yake, kijiji, na maelezo yake kama alivyoyasema. Siku ya maonesho alikaa pembeni mwa meza ile tangu asubuhi, na kila mtoto aliyesogea alimsimulia upya.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kuandika. Andika kitu ni cha nani, kimetoka wapi, kilitumikaje, nani amesimulia. Kipige picha. Mwaka 1984 barakoa ya Kimakonde iliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ikaja kuonekana katika makumbusho ya Barbier-Mueller huko Geneva, na baada ya majadiliano ya miaka mingi ikarejeshwa Tanzania mwaka 2010. Isingekuwa imejulikana na kuandikwa kuwa ni mali ya taifa, tungeidai kwa hoja gani? Mapiko mangapi, yaani barakoa za ngoma za Kimakonde, yameondoka katika vijiji vya Newala na Tandahimba kwa bei ya kilo chache za korosho, bila hata mstari mmoja wa maandishi, na hayo nani atayadai?

Ushauri wa pili ni huo huo kwa upande mwingine: kirudishe kitu kwa mwenyewe jioni ile ile, mbele ya mashahidi, na mwenyewe atie sahihi. Uaminifu wa siku moja ndio utakaokufungulia milango mwaka unaofuata. Watu wa kijijini hawasahau aliyeazima mkeka akaurudisha umechanika.

Na ushauri wa tatu, ambao ningependa uwe wa kwanza na wa mwisho, ni kwamba iwe kila mwaka. Maonesho ya mara moja ni sherehe tu, yakirudi kila mwaka yanajenga tabia. Mwaka wetu wa mwanzo wazazi walikuja kutazama watoto wao wakiimba. Mwaka huu wazazi wenyewe walikuja na vitu ambavyo hatukuviomba: taa ya kandili ya meli, vitabu vya hesabu za duka la kale, kinu ambacho hakikupita mlangoni. Mvuvi mmoja alifika akiwa bado na suruali iliyolowa maji ya bahari, akasoma kadi zote, akauliza kwa nini hakuna dema, mtego wa kuvulia samaki. Tulimpa kalamu, akaandika kadi ya dema ambalo lilikuwa bado nyumbani kwake. Jambo hilo lisingetokea kama tungefanya mara moja na kuacha.

Ndugu zangu wa kusini, tuache kulalamika kwamba mjusi yuko Berlin huku tukiviacha vilivyobaki vife mikononi mwetu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo, kwa sababu kazi ilifanyika: kuta ziliimarishwa, fukwe zikalindwa zisiliwe na mawimbi, na wanakijiji wenyewe wakashirikishwa. Kinachotunzwa kinapona. Mzazi anayetaka mwanawe awe daktari au mhandisi, na ni haki yake kutaka hivyo, ajue kwamba mtoto asiyejua alikotoka hudanganyika kirahisi na kila anayekuja kumwambia kwamba kwao hakukuwa na kitu.

Nikurudie wewe wa Masasi. Hamkosi cha kuonesha. Kwa jirani zenu wa Nachingwea kulikuwa na mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, pamoja na reli ya kutoka bandari ya Mtwara ambayo baadaye iling'olewa. Nachingwea hiyo hiyo wapigania uhuru wa Msumbiji wa chama cha FRELIMO walipata mafunzo. Wazee waliowauzia wapiganaji mihogo, au waliopanda treni ile wakiwa watoto, bado wapo, lakini si wengi, na hao hawawezi kungoja jengo lijengwe. Anza nao mwezi huu, daftari mkononi, ili Mei ikifika uwe na kadi za kutosha meza mbili. Turubai likikosekana, niandikie mapema, tutaliomba tena pale pale tulipoliazima na kulituma kwa basi la asubuhi.