Wimbo mmoja, namba mbili: nakala ipi ya CD ni sahihi?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia CD kama sitini za taarabu na dansi. Nazihamishia kwenye kompyuta kwa programu ya kunakili CD, Exact Audio Copy, na kuzihifadhi kwa FLAC, aina ya faili lisilopunguza sauti. CD moja nimeinakili kwenye laptopu yangu, kisha kwenye kompyuta ya kazini. Nikisikiliza sioni tofauti, ila namba ya CRC (namba ya uhakiki) ya kila wimbo inatofautiana. CD nyingine naambiwa hazimo kabisa kwenye hifadhidata ya AccurateRip. Niamini ipi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, na poleni kwa msiba.

Kwanza usifute chochote. CRC hukokotolewa kutoka biti zote za wimbo, kwa hiyo sauti ikisogea sampuli moja tu (sampuli ni kipimo kimoja cha sauti, kati ya maelfu kwa sekunde), namba nzima inageuka. Na draivu za CD ndivyo zilivyo: hii huanza kusoma mbele kidogo, ile nyuma kidogo. Kusogea huko ndiko kunakoitwa ofseti. Draivu nyingi ofseti yake ni sampuli 6, nyingine 667. Sekunde moja ya CD ina sampuli 44,100 kwa kila chaneli, kwa hiyo hata hizo 667 ni milisekunde 15 tu. Muziki ni ule ule. Naona hicho ndicho kilichokupata, maana nyimbo zote kutofautiana kwa mpigo si tabia ya mkwaruzo. Mkwaruzo huharibu wimbo mmoja au miwili. Weka ofseti ya kila draivu kwenye mipangilio, kisha nakili upya. Zikilingana, CD hiyo umemalizana nayo.

Sikio lako nalo usilifanye shahidi. CD ya muziki ilibuniwa ichezwe bila kusita. Sekta yake, yaani kipande kimoja cha data, hubeba baiti 2,352, zote za sauti. CD ya data hubeba 2,048 tu, na sehemu ya nafasi inayobaki hutumika kurekebisha makosa. Muziki hauna akiba hiyo ya ziada, kwa hiyo mahali pasiposomeka deki hukisia: huangalia sampuli ya kabla na ya baada, ikaziba pengo. Wewe unasikia wimbo safi kumbe pana kiraka.

AccurateRip hulinganisha namba zako na za watu wengine walionakili CD hiyo hiyo. Watu wawili wenye draivu tofauti kukosea kosa lile lile ni nadra mno, ndiyo maana hata wawili wananitosha. Akiwa mmoja, shtuka: huenda ni wewe mwenyewe uliyetuma matokeo mwezi uliopita!

Sasa hizo "hazimo". Hiyo haina maana kwamba ni mbovu. CD nyingi za huku kwetu zilichomwa mojamoja dukani, nani angezituma huko? Hapo shahidi wako ni ile kompyuta ya kazini. Soma mara mbili kwa draivu moja, kisha mara ya tatu kwa nyingine, ulinganishe CRC. Ukirudia kwa draivu ile ile tu, inaweza kukupa data iliyobaki kwenye kumbukumbu yake bila hata kuigusa CD, ukadhani imethibitisha.

Hizi za dukani zina jambo jingine. Fungua faili kwenye Spek, programu inayochora sauti kuanzia nzito hadi nyembamba. Ukiona sauti imekatwa kama kwa kisu kwenye kilohezi 16, huenda aliyechoma alianzia kwenye MP3, faili linalopunguza sauti, na FLAC yako itakuwa nakala sahihi ya kitu kilichokwisha kupunguzwa. Kanda ya zamani hufifia polepole huko juu, haikatiki hivyo.

FLAC pia isikudanganye. Ukiipima ikakuambia iko salama, maana yake faili halijaharibika tangu lilipotengenezwa. Kama CD ilisomwa vibaya, limehifadhi ubaya huo salama salimini.

CD ikikataa, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Mchubuko unaofuata mzunguko huondoa data iliyofuatana, na hiyo ndiyo ngumu kurekebisha. Na kwa kuwa CD husomwa kutoka ndani kwenda nje, wimbo wa mwisho ndio unaokaa pale vidole vinaposhika. Ukitaka kujua haraka ni CD zipi zitakusumbua, anza na huo.