Mtoto kafungua pakiti, pesa imekwenda. Nimdai nani?

*Shikamoo wakili. Mwanangu wa kiume ana miaka 11. Nilimpa simu acheze gemu ya mpira huku nikihudumia wateja wa chipsi. Usiku nakuta meseji tisa za kukatwa pesa kwenye kadi niliyoiunganisha na simu, jumla Sh 186,000. Anasema alikuwa "anafungua pakiti" akimtafuta mchezaji mmoja, na hakumpata. Kaka yangu anasema hiyo ni kamari, niende Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Ni kweli?*
*Mama wa watatu, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Meseji ya mwisho ilikuwa lini? Kama ulilipia kwenye duka la Google Play na saa 48 hazijapita, niache hapa hapa. Fungua historia ya manunuzi, omba kurudishiwa, muamala mmoja baada ya mwingine, yote tisa. Eleza kwa mistari miwili: mtoto wa miaka 11 amenunua bila ruhusa yangu. Apple nao wana ukurasa wa kuripoti manunuzi kama hayo. Nenda, nitakusubiri.

Haya. Pakiti unailipia bila kujua ina mchezaji gani ndani. Kaka yako hajakosea sana, ila amezaliwa nchi isiyo yake. Angekuwa Ubelgiji angekuwa sahihi kabisa. Aprili 2018 tume ya kamari ya kule ilichunguza gemu kadhaa, ile ya mpira ya FIFA 18 ikiwemo, ikasema pakiti hizi zina kila kitu cha kamari: unaweka pesa, bahati ndiyo inayoamua, unapata au unakosa. Adhabu iliyotajwa ni hadi miaka mitano jela na faini ya hadi euro 800,000, na mtoto akihusika inaweza kuzidishwa mara mbili. Mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA, watengenezaji wa FIFA, ikaacha kuwauzia Wabelgiji pointi za kununulia pakiti.

Vuka mpaka tu hapo, Uholanzi, mambo yanageuka. Msimamizi wa kamari aliiandikia EA adhabu ya euro milioni 10. EA wakakata rufaa hadi juu, na Machi 2022 wakashinda. Mahakama ilisema pakiti si mchezo unaojitegemea, ni kipande cha gemu kubwa ya mpira ambayo ni ya ustadi. Nimeisoma hoja hiyo mara mbili na bado hainikai vizuri, maana mwanao hakutumia ustadi wowote kutoa Sh 186,000. Waingereza nao wanauliza: unachoshinda kinageuka pesa? Mchezaji wa kwenye skrini asiyeuzika kihalali si pesa, kwa hiyo kwao si kamari.

Sheria yetu ya michezo ya kubahatisha ni ya 2003. Ilitungwa kwa ajili ya kasino, bahati nasibu na mashine za kutumbukiza sarafu. Kumzuia mtoto wa chini ya miaka 18 asicheze kamari, inazuia. Lakini ili ikusaidie, kwanza uthibitishe kwamba pakiti ni kamari, na umeona Wabelgiji na Waholanzi, majirani kabisa, walivyoshindwa kukubaliana. Nauli ya kwenda Bodi nunulia viazi.

Kuna mlango mwingine, na ni wa zamani zaidi. Sheria yetu ya mikataba, kifungu cha 11, inasema asiyefikia umri wa utu uzima hana uwezo wa kuingia mkataba, na makubaliano yake ni batili. Sheria hii tumeirithi kutoka India. Mwaka 1903 kesi moja ya Calcutta ilifika hadi London: kijana asiyetimiza umri, Dharmodas Ghose, aliweka nyumba zake rehani kwa mkopo wa rupia 20,000. Majaji wakasema mkataba haukuwepo tangu mwanzo. Mkopeshaji aliondoka na karatasi.

Usishangilie bado. Duka litakujibu kwamba akaunti ni yako, kadi ni yako, kwa hiyo aliyenunua ni wewe. Hapo mvutano unahama kutoka umri kwenda ridhaa, na ndipo Wamarekani walipowabana wakubwa. Mwaka 2014 Tume ya Shirikisho ya Biashara iliwafanya Apple wakubali kurudisha angalau dola milioni 32.5, na Google angalau milioni 19, kwa manunuzi ya watoto ndani ya gemu. Kwa Apple, mzazi akishaandika nywila mara moja, dirisha lilibaki wazi dakika 15 na mtoto ananunua atakavyo. Kwa Google lilikuwa dakika 30.

Basi zitazame saa za zile meseji tisa. Kama zimefuatana kwa dakika chache, ziandike kwenye ombi lako, zinaonyesha hukuulizwa kila mara. Duka likikataa, peleka benki yako barua ya kupinga miamala, na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Halafu weka nywila kwa kila ununuzi. Mjukuu wangu aliijua yangu kwa kuniangalia vidole, nimebadilisha mara tatu.

*Wakili, nina banda la gemu. Nilinunua gemu ya magari kwa pesa yangu, sasa seva (kompyuta za kampuni zinazoiendesha) zimezimwa, haifunguki hata kidogo. Naweza kushtaki?*
*Kijana wa Morogoro*

Ulichonunua ni leseni ya kuitumia, si gemu yenyewe. Imeandikwa kwenye masharti uliyobonyeza bila kusoma. Kampuni ya Ubisoft walizima The Crew, gemu yao ya magari, tarehe 31 Machi 2024, na hata wenye diski walibaki na plastiki tu. Wateja wa Ulaya walikusanya saini zaidi ya milioni moja kutaka sheria ya kuzuia jambo hilo, na California tangu 2025 duka la mtandaoni lazima limwambie mnunuzi wazi kwamba anapata leseni.

Halafu mwanangu, ukifika mahakamani wakili wa upande wa pili atauliza leseni yako ilikuwa ya nyumbani au ya biashara. Wewe una banda na unatoza kwa mechi. Mimi kesi hiyo siichukui.